Kupinga Rekodi Kongwe ya Mkopo: Haki, Hatua na Lugha Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hii ina hekima yake, lakini ilizaliwa katika jamii ambamo mkopeshaji na mkopaji walijuana kwa sura, na kumbukumbu ya deni ilikaa vichwani mwa watu wawili. Aliyelipa alikuwa amelipa, na shahidi wake alikuwa jirani. Katika Kenya ya leo, deni lina maisha mawili. Lipo katika mkataba baina ya anayedai na anayedaiwa, na lipo pia katika hifadhi ya shirika la kumbukumbu za mikopo, ambalo wengi hulijua kwa kifupi chake, CRB. Maisha ya kwanza yanaweza kukoma ilhali ya pili yanaendelea. Ndiyo maana mtu aliyelipa mkopo wake miaka mingi iliyopita huweza kufika benki kuomba fedha za karo au za biashara, akanyimwa kwa sababu ya deni ambalo yeye alidhani lilikwisha kuzikwa.

Suala hili linawagusa wanafunzi na wahitimu kwa njia ya pekee. Wengi wao walianza kukopa kwa simu wakiwa bado vyuoni, hasa baada ya huduma ya M-Shwari kuanzishwa Novemba 2012 na huduma nyingine za aina hiyo kuifuata. Isitoshe, kwa miaka mingi matangazo ya kazi katika taasisi za umma yalimtaka mwombaji awasilishe, pamoja na vyeti vingine, cheti cha CRB kinachothibitisha kwamba hana rekodi mbaya ya mkopo. Kwa hivyo, kosa la tarakimu moja katika nambari ya kitambulisho, au malipo ambayo karani hakuyanakili, huweza kuwa kizingiti kati ya mhitimu na ajira yake ya kwanza.

Makala haya yanafafanua ni wakati gani rekodi kongwe ya mkopo inaweza kupingwa, ni wakati gani haiwezi, na upingaji wenyewe hufanywa vipi. Hoja inayojengwa ni kwamba anayepinga rekodi hapingi deni bali anapinga kauli iliyoandikwa juu yake. Kauli hupingwa kwa ushahidi, na ushahidi huhitaji lugha inayosema jambo moja bila utata.

Chimbuko la Kumbukumbu za Mikopo

Kanuni za kwanza za mashirika ya kumbukumbu za mikopo nchini Kenya zilitungwa mwaka 2008 chini ya Sheria ya Benki, zikaanza kutumika Februari 2009. Benki Kuu ya Kenya ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2010. Katika hatua hiyo ya mwanzo, benki zilipashana taarifa hasi pekee, yaani habari za wale walioshindwa kulipa. Kanuni za mwaka 2013 zilipanua mfumo huo ukajumuisha pia taarifa chanya, ili mtu anayelipa madeni yake kwa wakati naye aonekane. Kanuni nyingine zilichapishwa Aprili 2020. Hizo ziliweka kiwango cha chini: taarifa hasi ya deni lisilofika shilingi 1,000 haipaswi kuwasilishwa kwa CRB.

Ni muhimu kuelewa kwamba mashirika haya, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo, hayatungi taarifa. Yanazipokea kutoka kwa wakopeshaji, yanazihifadhi, kisha yanawapa wakopeshaji wengine wanaotaka kumjua mwombaji. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 baada ya tarehe yake huhesabiwa kuwa mkopo usiolipika, au mkopo chechefu kama wataalamu wa fedha wanavyouita. Kabla ya kuwasilisha taarifa hasi, mkopeshaji anatakiwa kumpa mteja ilani ya siku 30. Wengi huilalamikia ilani hii kwamba hawakuipata. Aghalabu ilitumwa kwa nambari ya simu ambayo mwenyewe aliiacha zamani, au kwa anwani ya bweni alilohama.

Utata wa Maneno "Kuingizwa" na "Kutolewa"

Katika mazungumzo ya kila siku, Wakenya husema fulani "ameingizwa CRB," na kwamba anatafuta namna ya "kutolewa." Maneno haya yanaichora CRB kama jela au kisima. Wengine husema "kusafishwa," kana kwamba kuna tope la kuoshwa. Taswira hizi zinavutia, lakini zinapotosha. Ukweli ni kwamba kila aliyewahi kuchukua mkopo wa benki yumo katika kumbukumbu hizo, awe mlipaji hodari au mdaiwa sugu. Swali la msingi, basi, si kama jina la mtu limo. Swali ni kama yale yanayosemwa juu ya jina hilo ni ya kweli.

Upotoshaji huu wa lugha una gharama. Umezaa matapeli wanaodai kwamba kwa ada fulani wataweza "kumtoa" mtu CRB kwa siku mbili. Hakuna mwenye uwezo huo. Rekodi ya kweli haifutwi kwa hongo, nayo rekodi ya uongo haihitaji hongo ili isahihishwe, kwa kuwa mkopaji ana haki ya kulalamika mwenyewe.

Badala ya kitenzi kimoja cha "kutolewa," vinahitajika vitenzi vitatu. Kufuta ni kuondoa rekodi ambayo haikupaswa kuwapo kabisa. Kusahihisha ni kubadilisha sehemu ya rekodi iliyo na kosa, kama vile kiasi au tarehe. Kuhuisha ni kuiongezea rekodi tukio lililotokea baadaye, kwa mfano kwamba deni lililokuwa halijalipwa sasa limelipwa. Anayeomba kufutiwa ilhali anastahili kuhuishiwa hukataliwa, kisha huamini kwamba ameonewa.

Malalamiko ya Aina Tatu

Chukulia wahitimu watatu wa kubuni, kila mmoja akiwa amekuta rekodi hasi katika ripoti yake.

Wa kwanza hakuwahi kukopa kwa mkopeshaji aliyetajwa. Huenda nambari ya kitambulisho ilinakiliwa vibaya, au mtu mwingine alitumia kitambulisho chake kusajili laini ya simu na kukopa. Huyu anadai kufutiwa. Ushahidi wake ni nakala ya kitambulisho, tamko kwamba laini iliyotumika si yake, na pale anaposhuku ulaghai, nambari ya taarifa aliyopewa katika kituo cha polisi.

Wa pili alikopa shilingi 2,400 kwa simu Januari 2016, akachelewa, kisha akalipa zote Agosti mwaka huo huo. Rekodi yake bado inasema hajalipa. Huyu hawezi kukana kwamba alikopa wala kwamba alichelewa. Anachopinga ni kauli kwamba deni lingalipo. Anadai rekodi ihuishwe, na kama itakavyoonekana hivi punde, kuhuishwa huko kuna uzito mkubwa kuliko anavyodhani.

Wa tatu alikopa na hajalipa hadi leo. Kwake hakuna kauli ya uongo ya kupinga, isipokuwa kiasi kinachodaiwa kiwe kimepita mpaka wa sheria. Dawa yake ni ile ya wahenga: alipe, au apatane na mkopeshaji juu ya namna ya kulipa. Fursa ya unafuu imewahi kutokea. Novemba 2022, Benki Kuu ilitangaza mpango uliozitaka taasisi husika ziwapunguzie wadaiwa wa mikopo ya simu isiyolipika angalau nusu ya deni, na mpango huo ukafika kikomo mwishoni mwa Mei 2023. Waliosubiri unafuu huo ujirudie wamebaki na rekodi zao.

Umri wa Rekodi na Umri wa Deni

Imani iliyoenea ni kwamba rekodi hasi hutoweka yenyewe baada ya miaka 5. Imani hii ina nusu ya ukweli. Taarifa ya mkopo uliokuwa haulipiki huhifadhiwa kwa miaka 5, lakini hesabu hiyo huanza siku deni lilipokamilishwa kulipwa, si siku mkopaji alipoanza kushindwa. Deni lisilolipwa, kwa hivyo, halizeeki katika kumbukumbu. Linabaki bichi kama la jana.

Hapa ndipo kisa cha mhitimu wa pili kinapopata uzito wake. Kwa kuwa alilipa Agosti 2016, rekodi yake ilipaswa kufikia mwisho Agosti 2021. Lakini kwa sababu malipo hayakuandikwa, saa ya miaka 5 haikuwahi kuanza kwenda. Kosa dogo la mkopeshaji limegeuza alama ya muda kuwa alama ya kudumu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mtu huyu akiomba tu kwamba "atolewe CRB," shirika linaweza kumjibu kwamba deni lake halijalipwa. Akiomba kwamba tarehe ya kukamilisha deni iandikwe kuwa Agosti 2016, rekodi yote huporomoka yenyewe, maana muda wa kuihifadhi umekwisha.

Sharti pia kutofautisha umri wa rekodi na umri wa dai mahakamani. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, humpa anayedai kwa msingi wa mkataba miaka 6 ya kufungua kesi. Muda huo ukipita, mlango wa mahakama hufungwa, lakini rekodi ya mkopo haifutiki kwa sababu hiyo pekee. Aidha, mdaiwa anayelipa sehemu ya deni au anayekiri kwa maandishi kwamba anadaiwa huufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya. Kwa hivyo, anayepigiwa simu na mkusanyaji wa madeni juu ya deni la zamani asilolitambua hafai kutuma "kitu kidogo cha kuonyesha nia njema" kabla ya kuhakikisha kwamba deni ni lake.

Kuhusu kiasi, Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka mpaka. Mkopo wa benki unapoacha kulipika, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haipaswi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Aliyekuwa amebakiza shilingi 20,000 hawezi kudaiwa riba inayozidi shilingi 20,000 nyingine, mbali na gharama halali za kufuatilia deni. Ripoti ikionyesha kwamba deni hilo sasa ni shilingi 90,000, hapo pana jambo la kusahihishwa, hata kama mkopaji anakiri kwamba hakulipa.

Hatua za Kupinga

Hatua ya kwanza ni kuipata ripoti na kuisoma. Kila mkopaji ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na vilevile anaponyimwa mkopo kwa sababu ya yaliyomo katika ripoti hiyo. Msomaji makini huangalia mambo yafuatayo: jina na nambari ya kitambulisho, jina la mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti, kiasi kilichokopwa na kilichosalia, tarehe ya malipo ya mwisho, na hali ya akaunti. Inafaa kusoma ripoti za mashirika yote, kwa kuwa taarifa iliyosahihishwa katika moja huenda ikabaki na kosa katika jingine.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa malipo. Ujumbe mfupi wa simu hufutika, lakini taarifa ya miamala huweza kuombwa kutoka kwa kampuni ya simu au benki. Ushahidi bora zaidi ni barua ya mkopeshaji mwenyewe inayothibitisha kwamba deni limekamilishwa. Barua hii yafaa iombwe siku ile ile mtu anapolipa, kwani kuitafuta baada ya miaka mingi, wakati mkopeshaji amebadilisha jina au ameunganishwa na mwingine, ni kazi ngumu.

Hatua ya tatu ni kuandika malalamiko kwa CRB na kwa mkopeshaji kwa pamoja. Ni kosa kuandikia shirika peke yake. Mkopeshaji ndiye chemchemi ya taarifa. Chemchemi isiporekebishwa, maji yale yale yatarudi mtungini wakati mwingine anapowasilisha taarifa zake. Barua hiyo itaje akaunti moja, kosa moja na ombi moja. Anayerundika katika barua moja malalamiko ya riba, ya matusi ya wakusanya madeni na ya hali ngumu ya uchumi humpa msomaji wake nafasi ya kujibu lile lililo rahisi na kuliacha lile lililo la msingi.

Hatua ya nne ni kuhesabu siku. Baada ya kupokea malalamiko, CRB hupaswa kuchunguza suala hilo pamoja na mkopeshaji na kulikamilisha katika muda wa siku 21. Uchunguzi usipokamilika katika muda huo, taarifa inayopingwa inapaswa kufutwa. Ndiyo maana tarehe ya kupokelewa kwa barua ina thamani. Anayewasilisha barua kwa mkono apigiwe muhuri kwenye nakala yake, na anayetuma kwa barua pepe aihifadhi ile aliyotuma na jibu la kuipokea.

Hatua ya tano ni ya kukata rufaa. Asiyeridhika huweza kulalamika kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo msimamizi wa mashirika haya. Njia nyingine ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa data zisizo za kweli au za kupotosha. Juu ya sheria hizo zote ipo Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli au zinazopotosha ambazo zinamwathiri. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya matajiri wala mawakili. Ni ya kila mtu.

Maneno Mia Moja

Pale uchunguzi unapomalizika bila mlalamishi kuridhika, kanuni zinampa haki ambayo wachache wanaijua: anaweza kuomba maelezo yake mwenyewe, yasiyozidi maneno 100, yaambatanishwe na ripoti yake. Yeyote atakayeisoma ripoti hiyo baadaye atakutana na sauti mbili, ya mkopeshaji na ya mkopaji.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hili si geni. Ni zoezi la ufupisho alilolifanya tangu shule ya upili, ila safari hii alama zinazotuzwa ni riziki. Kila neno la hasira ni neno moja lililotolewa kwa ushahidi. "Mimi ni mtu mwaminifu" ni maneno manne yasiyothibitisha lolote. Mhitimu wa pili angeweza kuandika hivi:

"Mkopo wa shilingi 2,400 nilioupata Januari 2016 niliulipa wote tarehe 14 Agosti 2016. Taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha malipo hayo ilipokewa na mkopeshaji na shirika hili tarehe 4 Februari 2022. Mkopeshaji hajakana kupokea fedha hizo. Amesema tu kwamba kumbukumbu zake za wakati huo hazipatikani. Nashikilia kwamba deni lilikamilishwa Agosti 2016, na kwamba muda wa kuhifadhi rekodi hii ulikwisha Agosti 2021."

Maelezo haya hayafikii maneno 100. Hayakani kuchelewa, hayamtusi mtu, na hayaombi huruma. Yanataja kiasi, tarehe, ushahidi, jibu la upande wa pili na dai. Afisa wa mikopo anayeyasoma anaweza kuyapima mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba Katiba inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mkopaji anayejieleza vyema zaidi kwa Kiswahili hana sababu ya kuona haya kuiandikia Benki Kuu au Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa lugha hiyo. Kinachohitajika ni istilahi zilizo thabiti, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana mchango wa kutoa. Ndugu, mzazi au jirani aliyekwama katika fomu ya Kiingereza anaweza kusaidiwa na mwanafunzi anayejua kutofautisha kufuta, kusahihisha na kuhuisha.

Hitimisho

Imebainika kwamba rekodi kongwe ya mkopo si hukumu ya milele, wala si tope linaloweza kuoshwa na tapeli. Ni kauli, na kauli huwa ya kweli au ya uongo. Iliyo ya uongo hupingwa kwa ushahidi ndani ya muda uliowekwa. Iliyo ya kweli hujibiwa kwa kulipa, na siku ya kulipa ndiyo siku saa ya miaka 5 inapoanza kwenda. Kwa sababu hiyo, methali ya wahenga haijachakaa, ila imehitaji nyongeza: dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya malipo ni kuhakikisha yameandikwa. Mhitimu anayekaribia kuomba kazi hafai kungoja aulizwe. Aitafute ripoti yake mapema, aisome mstari kwa mstari, na akikuta kosa, aandike barua yake siku hiyo hiyo.